Mawe ya Kaburi Hayana Kabila

Msafiri anayekata Bonde la Ufa kutoka Naivasha hadi Nakuru, kisha akashika njia ya kaskazini kuelekea Turkana au Marsabit, hupita chini ya vilima vingi ambavyo vileleni na mabegani mwake pamelundikwa mawe. Kwa mbali marundo hayo hayana ajabu. Mkulima huyadhania kuwa ni mawe yaliyokusanywa na waliofyeka shamba kabla yake. Mchungaji hupanda juu yake apate kuwaona mbuzi wake. Mwenye lori huyatazama kwa jicho la biashara, akikadiria kama yatatosha msingi wa nyumba. Lakini mengi katika marundo hayo ni makaburi. Chini yake wamelazwa watu waliofuga ng'ombe, kondoo na mbuzi katika nchi hii maelfu ya miaka kabla ya kuwako jina Kenya, na kabla ya lugha nyingi tuzisemazo leo kupata sura tuijuayo.

Kila ninapoyataja makaburi haya darasani, swali la kwanza huwa ni lile lile. Si "Waliishi vipi?" wala "Kwa nini walijitaabisha kubeba mawe mpaka kilimani?" Swali ni: "Walikuwa kabila gani?" Nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwa walimu wenzangu, na nimelisikia kwa watu wenye shahada zao. Kwa nje linaonekana kuwa swali dogo, tena la halali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si dogo hata kidogo. Kwamba limewahi kuwapoteza njia wataalamu wenye sifa. Na kwamba katika nchi yetu jibu lake, likitolewa kwa pupa, laweza kugeuzwa silaha.

Tuanze na jina la kitu chenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakijakubaliana juu ya neno moja. Huko pwani mtu akisema "kaburi la mawe", msikilizaji huwaza makaburi ya kale yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, yale yenye nguzo, kama ya Gedi na Mambrui. Hayo ni makaburi ya Waislamu wa miji ya pwani, na umri wake hautimizi miaka elfu moja. Rundo la kilimani ni kitu kingine. Halina chokaa wala ukuta; ni mawe yaliyookotwa na kupandanishwa kwa mikono juu ya maiti. Lugha yetu inayo maneno "rundo", "lundo" na "chungu". Hili la mwisho ni zuri, ila mwalimu ahadhari na upatanisho wa kisarufi: "chungu kikubwa" ni cha kupikia, ilhali "chungu kubwa" ni mlima wa vitu vilivyokusanywa. Mimi nitasema "kaburi la rundo", hadi waundaji wa istilahi watupe jingine lililo bora.

Je, makaburi haya yanatufundisha nini? Mfano ulio karibu na wengi ni ule wa Nakuru. Kilomita chache kutoka katikati ya jiji hilo, kando ya barabara iendayo Nairobi, kuna kilima cha miamba kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938. Alikuta makaburi ya vizazi vilivyotenganishwa na karne nyingi. Yale ya kale zaidi yalikuwa ya wafugaji wa Enzi ya Mawe. Yalifunikwa kwa mawe, na baadhi ya wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na sahani za mawe. Mengine yalikuwa ya Enzi ya Chuma. Papo hapo kuna mashimo mapana yaitwayo mashimo ya Sirikwa, ambayo leo tunajua kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Pahala hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka wa 1943, na makumbusho yake yakafunguliwa mwaka wa 1965. Kwa maneno mengine, kilima kimoja kimetumiwa na watu wa nyakati mbalimbali, na kila waliokuja waliwakuta wafu wa waliowatangulia.

Si mbali na hapo, katika pango lililo kando ya mto Njoro, Mary na Louis Leakey walikuta mwaka wa 1938 mabaki ya watu wapatao 80. Hawa hawakufukiwa chini ya rundo. Walichomwa moto, kisha mifupa na majivu yao yakawekwa pangoni pamoja na mabakuli ya mawe, michi na shanga nyingi. Umri wao unakadiriwa kuwa kama miaka 3,000. Kwa hiyo, katika sehemu moja ya Bonde la Ufa na katika zama zinazokaribiana, kulikuwa na wafugaji walioweka wafu wao chini ya mawe na wafugaji waliowachoma. Nitalirejea jambo hili, maana ndimo mlimo na fundisho kubwa.

Lakini mfano ulio mkubwa kupita yote uko kaskazini, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam. Ufugaji uliingia katika bonde la ziwa hilo yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati ambapo mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma na kuacha nchi kavu. Katika zama hizo hizo watu walikusanyika juu ya sehemu iliyoinuka, wakachimba uwanja mzima wa kuzikia, wakawa wanalaza wafu wao humo kizazi baada ya kizazi, kwa muda wa karne kadhaa. Baadaye walipajaza, wakapafunika kwa mawe, na juu yake wakasimamisha nguzo za mawe, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa karibu kilomita moja. Kandokando yake kuna duara za mawe na makaburi ya rundo. Jukwaa hilo lina upana wa mita zipatazo 30. Watafiti Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo, Elizabeth Sawchuk na wenzao, waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2018, wanakadiria kwamba humo mlizikwa watu wasiopungua 580.

Na ni watu gani hao? Wamo wanaume na wanawake, wamo wazee, wamo watoto wachanga. Karibu kila mmoja aliyefukuliwa alikuwa na pambo lake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vidani vya mawe ya rangi, pete za pembe za kiboko. Mmoja alikuwa amepambwa kichwani kwa mamia ya meno ya panya wa nyikani. Hakuonekana mfalme aliyetengwa na watu wake, wala fukara aliyetupwa pembeni. Wasomi wengi walikuwa wamezoea kufikiri kwamba jengo kubwa la mawe ni ushahidi wa mtawala mkubwa aliyewashurutisha wanyonge kubeba mawe. Lothagam inawakanusha. Watu wasio na mfalme anayejulikana, tena wafugaji wanaohamahama, walijenga kitu kikubwa kwa ushirikiano, wakati ambapo nchi ilikuwa ikiwakaukia na malisho yakiwa hayana uhakika.

Hebu mwanafunzi apime uzito wa habari hizi. Hapa pana somo la tabianchi, somo la ushirika, somo la imani, na somo la usawa wa binadamu mbele ya mauti. Yote hayo yamesemwa na mawe na mifupa. Hata hivyo msikilizaji wetu bado amekunja uso, anangoja aambiwe kabila.

Swali hilo halikuanza kwetu. Mwaka wa 1933 Mwingereza G. W. B. Huntingford alichapisha makala aliyoyakusanyia magofu ya mawe ya nyanda za juu za Kenya: mazizi, makaburi ya rundo, njia na mitaro. Akadai kwamba vyote hivyo vilikuwa mabaki ya ustaarabu mmoja uliotoweka, akauita ustaarabu wa Azania, jina alilolichota katika maandishi ya kale ya Wayunani kuhusu pwani ya Afrika Mashariki. Wenyewe, kwa rai yake, walikuwa "Wahamiti". Zama hizo Wazungu wengi waliamini kwamba kila kitu cha maana katika bara hili kililetwa na watu wa jina hilo, waliodhaniwa kuwa na damu ya karibu na ya Ulaya, C. G. Seligman alikuwa ameiandika imani hiyo kinaganaga katika kitabu chake cha mwaka wa 1930 kuhusu mbari za Afrika. Almuradi, Mwafrika aliyekuwa akichunga ng'ombe kando ya zizi la mawe aliambiwa kwamba babu yake hakuweza kulijenga.

Ilimchukua John Sutton miaka mingi ya kupima na kuchimba kulivunja dai hilo. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1973 alionyesha kwamba mashimo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya wafugaji wa kawaida, na kwamba wengi wa waliokuwa wakiyatumia ni mababu wa Wakalenjin wa leo. Hapakuwa na taifa la ajabu lililotoweka. Na vitu ambavyo Huntingford alivitia katika kapu moja vilikuwa vya nyakati tofauti kabisa; baina ya kaburi la rundo na zizi lililo jirani nalo huenda mmepita miaka 2,000.

Kisa cha pili ni cha Kalokol, kando ya barabara itokayo Lodwar. Hapo zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno, zilizoinamia huku na huku. Ni Waturkana waliozipa jina la Namoratunga, yaani watu wa mawe, na husimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka asiyestahili kuchekwa, wakageuzwa mawe. Mwaka wa 1978 watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha hoja iliyotangaa duniani. Walisema kwamba nguzo hizo zimepangwa kuelekea nyota saba zitumiwazo katika kalenda ya Waborana, kwamba ziliwekwa kama miaka 300 kabla ya Kristo, na kwa hiyo waliozisimamisha walisema lugha ya Kikushi.

Hoja ilikuwa tamu, na vitabu vingi viliimeza. Lakini mwaka wa 1982 Robert Soper alirudi na vipimo vyake akatilia shaka mielekeo ile, na tangu hapo wapimaji wamekuwa wakibishana. Kisha, katika karne hii ya 21, tarehe za kaboni kutoka makaburi ya nguzo ya magharibi mwa Turkana zilibainisha kwamba desturi ya kuyajenga ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 4,000, yaani karibu miaka 2,000 kabla ya wakati uliodhaniwa. Nguzo hazikusogea hata shubiri moja. Ni jina tu lililokuwa limebandikwa juu yake lililobanduka.

Sasa nigeukie taaluma yangu mwenyewe, kwa maana wanaisimu tunalo fungu letu la lawama. Maneno "Bantu", "Kushi" na "Niloti", ambayo mwanafunzi wa Kenya huyakariri tangu shule ya msingi, ni majina ya jamii za lugha. W. H. I. Bleek, msomi wa Kijerumani wa karne ya 19, alilitumia jina "Bantu" kutajia lugha zinazofanana katika ngeli zake za majina. Alikuwa akizungumzia viambishi. Lakini neno likatoka katika sarufi likaingia katika historia, na kutoka historia likaingia katika siasa. Leo mtoto husoma kwamba "Wabantu walitoka magharibi, Waniloti kaskazini, Wakushi kaskazini mashariki," akapata picha ya majeshi matatu yenye sare tatu, kila moja likitembea njia yake bila kumgusa mwenzake. Joseph Greenberg alipoufuta "Uhamiti" katika uainishaji wake wa lugha wa mwaka wa 1963, aliufuta katika isimu. Hakuweza kuufuta vichwani mwa watu.

Isije ikadhaniwa kuwa isimu haina la kusema juu ya zama hizo. Inalo, na zuri. Chukua neno la kumi. Warendille husema *tomon*, Wasomali *toban*. Hizo ni lugha za Kikushi. Lakini Wamaasai nao husema *tomon*, na Wakalenjin husema *taman*, hali lugha zao ni za Kiniloti. Watu hawaazimi neno la kumi kwa jirani waliyemwona mara moja sokoni. Huliazima kwa mtu waliyehesabu naye ng'ombe, waliyeoana naye, waliyeishi naye vizazi na vizazi. Neno hilo moja ni ushahidi wa ujirani mrefu na wa karibu sana. Ila litazame vizuri: halituambii ujirani huo ulikuwa kilima gani, wala mwaka gani, wala nani alimzika nani.

Hata hivyo wasomi walijaribu kulipita pengo hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980, Christopher Ehret kwa upande wa isimu na Stanley Ambrose kwa upande wa akiolojia walijenga hoja ya kuvutia. Wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa waligawika katika mila mbili. Mila ya kwanza huitwa ya savana, na wafu wake wengi walizikwa chini ya marundo ya mawe. Ya pili imepewa jina la ziwa Elmenteita, na ndiyo ya wale waliochomwa Njoro. Mila hizo zilitofautiana kwa vyungu, kwa namna ya kuchonga visu vya mawe, na hata kwa machimbo ya lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Wa Elmenteita walilitoa zaidi mlima Eburru, wenzao wakalitoa bonde la Naivasha. Basi ikasemwa: wale wa savana walikuwa wasemaji wa Kikushi cha Kusini, na hawa wa Elmenteita wasemaji wa Kiniloti cha Kusini. Mila mbili, lugha mbili, watu wawili.

Mwaka wa 2019 Mary Prendergast na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Matokeo mawili yanatuhusu hapa. La kwanza, wafugaji hao walikuwa mchanganyiko: nasaba yao ilitokana kwa sehemu na watu wa kaskazini mashariki ya Afrika na maeneo yaliyo ng'ambo yake, na kwa sehemu na wawindaji waliokuwa wenyeji wa Afrika Mashariki. La pili, waliozikwa kwa mila ya savana na waliozikwa kwa mila ya Elmenteita hawakuweza kutofautishwa kwa vinasaba. Visu tofauti, vyungu tofauti, mazishi tofauti, lakini damu moja. Naam, vinasaba havisemi lugha, na yawezekana watu wa nasaba moja wakasema lugha mbili. Lakini wazo la kwamba kaburi la namna fulani ni la watu wa aina fulani, waliojitenga na wengine, limepata pigo ambalo mwalimu wa historia hana budi kulieleza.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuliona jambo hilo. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano wapo Wasuba, ambao lugha ya mababu zao ni ya Kibantu, na wengi wao leo husema Kidholuo. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, wapo Wayaaku, ambao lugha yao ya Kikushi iliachwa katika karne ya 20 na wao wakawa wasemaji wa Kimaa. Hakuna aliyewafukuza watu hao wala kuwaleta wengine mahali pao. Ni babu mmoja aliyesema lugha moja, na mjukuu wake anayesema nyingine, katika boma lile lile. Sasa mwanaakiolojia wa mwaka wa 5000 akiyafukua makaburi yao, atayaandika kuwa ya Wakushi, Wabantu au Waniloti? Mifupa haitamjibu. Lugha haikai katika mfupa.

Msomaji aweza kuuliza: je, haya si mabishano ya wasomi tu? Laiti yangekuwa hivyo! Katika Bonde la Ufa hili hili lililojaa makaburi ya kale, watu waliuawa na kufukuzwa makwao mwaka wa 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha nchini. Kati ya maneno yaliyotumiwa kuwasha moto huo lilikuwamo neno la Kiswahili lisilo na hatia, "madoadoa". Kwa asili ni alama za rangi katika ngozi ya mnyama. Likageuzwa kuwa jina la jirani aliyetakiwa aondoke. Nyuma ya neno hilo kuna nadharia ya historia: kwamba nchi ina rangi yake ya asili, kwamba rangi hiyo ni ya kabila moja lililotangulia, na kwamba waliosalia ni doa.

Nadharia hiyo ndiyo inayojificha ndani ya swali la "Walikuwa kabila gani?" Anayeuliza aghalabu hatafuti kujua wafu, anatafuta hatimiliki. Akiambiwa kaburi ni la wasemaji wa Kikushi, mmoja atasema, "Basi nchi ni yetu." Akiambiwa ni la Waniloti, mwingine atashangilia. Na mtu wa tatu, ambaye hakutajwa, atakwenda usiku kuling'oa lile jiwe. Ukweli ni kwamba hakuna kabila la Kenya ya leo, kwa jina lake, lugha yake na mipaka yake ya sasa, lililokuwako miaka 4,000 iliyopita. Wafu wa kilimani si wa mmoja wetu peke yake. Yaelekea ni mababu wa wengi wetu, kwa njia za ndoa na ujirani ambazo hakuna daftari lililoziandika.

Wakati tunapobishana kuhusu wenyewe, makaburi yanakwisha. Mawe huchukuliwa kujengea nyua na kupondewa kokoto. Wengine hufukua wakitumaini kupata hazina, wakakuta mifupa, wakaitupa. Trekta huyasawazisha marundo madogo bila dereva kujua alilolifanya. Hasara yake haifidiki. Wanaakiolojia hawasomi vitu pekee. Husoma mahali kitu kilipokuwa, kilikuwa juu ya nini na chini ya nini. Bakuli la mawe lililowekwa juu ya kabati sebuleni ni pambo, lakini lilipokuwa kando ya mkono wa mwenyewe ardhini lilikuwa ni maneno katika sentensi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mahali pa kale bila idhini. Lakini sheria haiwezi kusimama juu ya kila kilima. Mwalimu na wanafunzi wake ndio walioko huko.

Hivyo nina mambo matatu ya kuwashauri walimu. Kwanza, wapelekeni wanafunzi wakayaone makaburi haya. Shule za karibu na Nakuru hazina udhuru, maana Hyrax Hill iko pale. Shule za mbali zitafute marundo yaliyo katika lokesheni zao, ziyapige picha, zichore mahali yalipo, ziwaarifu maafisa wa Makumbusho ya Taifa, zisihamishe hata jiwe moja. Pili, kusanyeni majina. Kila kilima kina jina, na kila rundo lina kisa kwa lugha ya mahali hapo. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka, na jina lisiloandikwa hufa na mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji daftari, kalamu na adabu ya kuketi na mzee mpaka amalize. Kisa hicho kiandikwe kama kilivyosimuliwa, kwa lugha kilichosimuliwa, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando. Tatu, badilisheni swali. Mwanafunzi asiulize kwanza kabila. Aulize: Waliozikwa humu walikula nini? Mawe yalitoka wapi, na ilihitajika mikono mingapi kuyafikisha? Kwa nini mtoto mchanga alipewa shanga? Kwa nini mahali penye upeo wa macho, badala ya bondeni penye udongo laini? Maswali haya yana majibu, au angalau yana njia ya kuyatafutia majibu. La kabila halina, na mwalimu asione haya kumwambia mwanafunzi hivyo.

Kuna wanaotulaumu kwamba tukiyaondoa majina ya makabila tutakuwa tumewanyang'anya watu historia yao. Sioni hivyo. Tunachokiondoa ni lebo iliyobandikwa na wageni katika enzi ya ukoloni, ikashikiliwa na sisi wenyewe baada ya uhuru. Historia inabaki, tena inanenepa. Inakuwa historia ya watu waliochanganyika, walioazimana maneno ya kuhesabia, waliobadili lugha bila kuhama, na waliobeba mawe pamoja ukame ulipowazidi. Historia ya namna hiyo inamfaa mtoto wa Kenya kuliko ile ya majeshi matatu.

Na katika hili wazee wetu wasiojua kusoma wametutangulia. Wamaasai walikuwa na desturi ya kumzika laibon au mzee mwenye heshima chini ya mawe, na kila apitaye huongeza jiwe lake, awe wa ukoo wa marehemu au asiwe. Kule Kalokol, Waturkana, ambao walifika katika nchi ile karne chache tu zilizopita na ambao hawadai kwamba nguzo ni za babu zao, hupita wakaweka kijiwe juu ya watu wa mawe, kisha wakaendelea na safari. Hawakuuliza kwanza kabila la aliyelala chini. Waliona kaburi, wakalipa heshima yake. Shule zetu nazo zaweza kufundisha hivyo, kuanzia muhula ujao.